Kombe la Bimdogo

Jaffar alikuwa na kichwa kigumu, tena kigumu hasa. Mwaka ule wa sitini na sita, Mji wa Kale ukiwa na mazungumzo yake, yeye alishikilia kipande chake cha kugeuza jua kuwa umeme, alichopewa na baharia mmoja. Kipande hicho, alisema, kinaupenda mwanga mwekundu, wa buluu kinautupa. Basi akachanganya unga wa rangi ya manjano na gundi ya maji, akaupaka kioo cha kukifunikia. Rangi ile iliumeza mwanga wa buluu, ikautoa umegeuka mwekundu, kipande kikaupokea. Sindano ya mita ya umeme ikapanda. Wallahi ilipanda! Na mgeni alikuwa anakuja chuoni kwao kutazama kazi za wanafunzi na kuchagua mmoja wa kwenda kusoma ng'ambo. Unga wote ulikuwa umeishia kwenye kioo kile.

Bimdogo, mama yake, alikuwa hoi kitandani tangu mfungo. Kila siku alimsihi amwendee maalimu amwandikie kombe, zile aya za zafarani kwenye sahani, azioshe kwa marashi anywe apone.

"Leo, mama, inshallah," Jaffar humjibu, kisha huyoo, kwenye kioo chake. Ahadi tele, kwenda haendi!

Asubuhi ya siku yenyewe alikiweka kioo juu ya sahani nyeupe kikauke, akaenda kuoga. Bimdogo, macho yake yana ukungu, akaona sahani, akaona manjano. Alhamdulillahi, mwanangu kanikumbuka! Akakiosha kile kioo kwa marashi mpaka kikatakata, akapiga bismillahi, akanywa yote.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nimekunywa, baba. Mungu akupe kila unalotaka."

Jaffar akakifuta kioo. Alikwenda chuoni na kioo kitupu, sindano ikasimama palepale pa siku zote.

"Hiyo rangi iko wapi?" mgeni akauliza, maana alikwisha kusikia habari zake.

Jaffar aliona haya kusema imenywewa na mama yake. Nafasi akapewa mwanafunzi mwenzake, Ogutu.

Aliporudi alimkuta Bimdogo jikoni, kajifunga leso kiunoni, anakuna nazi, anawahadithia majirani: "Mwanangu ndiye aliyeniponya!" Jaffar alimtazama alivyo mzima, akatamani lau angebaki kitandani. Alitamani hivyo, jamani, mwana wa kumzaa mwenyewe, kisha akakaa mkekani akala wali aliompikia.