Harufu ya Mtoto

Tangu binti yao afe kwa homa ya uti wa mgongo, seremala hakuwa na neno. Ukimuuliza njaa, anatikisa kichwa. Ukimuuliza usingizi, anatazama ukuta. Karakana ilifungwa, buibui wakajenga kwenye misumeno. Mkewe, mshonaji wa nguo, ndiye aliyeibeba nyumba. Alishona, alipika, alipokea wageni wa msiba, machozi akayameza. Tukianguka wote, alijiambia, nani atamwinua mwenzake?

Siku hizo zahanati ya mtaa ilianza huduma mpya. Muuguzi wa chanjo alitoka mafunzoni, akapewa chumba kidogo nyuma ya dirisha la dawa, awasikilize watu waliolemewa na mawazo.

"Dawa ya maneno?" wifi wa mshonaji alicheka. "Basi wambeya wa mtaa huu wasingeumwa hata kichwa."

Muuguzi naye akacheka. "Si porojo, dada. Njia hii imejaribiwa kwa watu wengi, wakafuatiliwa. Si wote waliopona, ila wengi walipata nafuu."

Mshonaji akamshika mumewe mkono, akampeleka. Kila wiki alimngoja nje kwenye benchi. Mwanzoni alisikia feni tu. Kisha siku moja akasikia sauti ya mumewe, inakwama, inaendelea, inakwama tena, naye akamshukuru Mungu.

Kila kikao kilikwisha kwa kazi ndogo ya kufanya nyumbani. Fungua karakana, hata usiposhika randa. Msalimie rafiki mmoja. Seremala alizifanya, shingo upande, kisha kwa moyo. Mvua zilipokatika alikuwa ameanza kupokea wateja, na asubuhi moja mkewe akamsikia akicheka nao.

Alikuwa amekiombea dua kicheko kile. Kilipokuja, kilimwingia kama msumari. Anacheka nini, na mtoto yuko ardhini?

Kila alasiri aliingia chumbani kwa binti, akafunga mlango, akaegemeza uso kwenye mto wake. Hapo tu ndipo alipopumua.

Alhamisi moja alirudi kutoka sokoni akakuta dirisha la chumba kile liko wazi. Shuka zilikuwa kambani, zinadondosha maji. Foronya pia. Mumewe alikuwa anakunja magauni madogo kitandani, macho mekundu.

"Leo nimeweza kuingia humu," alisema. "Nilitaka nikupunguzie kazi."

Mshonaji aliacha kapu pale pale, akaenda zahanati miguu mitupu, viatu kaviacha mlangoni.

"Ni wewe uliyemtuma?"

Muuguzi alisimama. "Nilimwambia akiwa tayari aingie, akae kidogo. Kufua sikumwambia. Lakini nilipaswa kukuita wewe kwanza. Nilikuona benchini wiki zote hizo, nikakuhesabu msindikizaji. Hilo kosa ni langu, dada. Nisamehe."

Mshonaji alikuwa amekuja kugombana, na sasa hakuwa na wa kugombana naye. Akakaa.

"Mimi si mgonjwa."

"Sawa."

"Amefua harufu ya mtoto."

Muuguzi hakusema pole, wala hakusema Mungu ndiye mpangaji. Alingoja. Mshonaji akasikia moyoni jambo alilokuwa akilikimbia.

"Ilikuwa imeshakwisha," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Kitambo. Mto ulikuwa unanuka vumbi. Nilikuwa naingia najidanganya tu."

Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu maziko, kilio cha mtu aliyekabwa muda mrefu. Muuguzi alikaa naye mpaka kikapungua. Walipoagana, mshonaji alikubali kurudi, na safari hii si kumngoja mtu.

Nyumbani alimkuta mumewe kwenye sakafu ya chumba cha binti, gauni moja bado limo mikononi.

"Ungeningoja," alimwambia.

"Niliona wewe una nguvu. Nikadhani yamekupita."

"Yanipite wapi? Nilikuwa nasimama kwa sababu yako. Sasa umesimama, mimi sijui nifanye nini."

Maneno yote aliyojifunza kuyasema kule zahanati, seremala hakuyaona. Akasogea kidogo, akampisha mahali. Mkewe akakaa. Hawakushikana. Walilia kila mmoja kilio chake, upepo ukiingia dirishani, mpaka wifi alipopiga hodi nje na kuuliza kama wamekula.