Mtumba wa Padri Ilario

Jumamosi baada ya chakula cha mchana, askari Meo alisimama kwenye mlango wa kanisa lililo jirani na lango la mtaa wetu, mkono mmoja fimbo, mkono mwingine kijiti. Fimbo ilikuwa ya wanaosinzia, kijiti cha masikio. Sisi Wayahudi wa Roma tuliamriwa kuhudhuria mahubiri kila Sabato ili hatimaye tubatizwe. Miguu walitulazimisha kuileta. Masikio tuliyaziba kwa nta.

Siku hiyo kijiti kilitoka na nta katika sikio la kulia la mzee Graziadio.

"Aa, mzee, na mvi zote hizo?" alisema Meo. "Haya, mahubiri yakiisha, viboko sita uwanjani."

Graziadio alikuwa na miaka sabini na mmoja na kifua kibovu. Mkewe, Perna, alijua kwamba hata cha tatu hatakifikia. Alikaa upande wa wanawake, macho kwa padri.

Padri Ilario alipanda mimbarini. Aliposema "Enyi wauaji wa Bwana," maneno yalikosa sikio la kuingia, yakadondoka sakafuni yakiwa vitambaa. Aliendelea tu. Baada ya nusu saa, vitambaa vilimfika magotini mtunza mishumaa, naye akanung'unika kwamba mwisho wa yote ataambiwa yeye afagie.

Sasa, tangu tufungiwe ndani ya ukuta tuliachiwa biashara moja, mitumba. Kitambaa kipya ni marufuku kwetu. Kwa hiyo ukitaka mtu wa kukuambia nguo ilivaliwa na nani na ina viraka vingapi, hakuna wa kumfikia Perna. Alichomoa nta yake kwa siri, akasimama.

"Samahani, Padri. Huo ni mtumba."

"Mtumba?" Padri alikasirika waziwazi. "Nimeyatunga mwenyewe juzi!"

"Basi tuwekeane dau. Ukipata kipande kimoja kipya, mume wangu achapwe kumi na mbili. Ukikosa, arudi nyumbani na mgongo wake mzima."

Kanisa zima liliguna. Padri alijiamini mno. "Haya, chambua."

"Leo Sabato. Kuchambua ni kazi, nimekatazwa. Meo ainue, mimi nitatazama."

Meo akaweka fimbo chini, akainua. Perna aliweka mikono nyuma.

"Hicho cha kutia sumu visimani ni cha mwaka wa tauni. Na sisi tulikuwa tunazika wetu, jamani! Lete kingine. Hicho chenye damu ni cha wale waliokwenda kuikomboa Yerusalemu, wakaona waanze na sisi majirani zao. Hicho cha zambarau ni cha makaizari. Misumari ya msalaba wa Bwana wenu iligongomewa na askari wao wenyewe. Walipobatizwa, kesi wakatubambikia sisi."

"Na hiki?" Meo aliinua kipande kidogo cha sufu, kimechakaa.

Perna alikitazama kwa muda. "Hicho kilifumwa kwetu. Wayahudi wawili, sinagogi moja, wanagombana kama Masihi amefika au bado. Walitukanana kama ndugu wanavyotukanana. Nyinyi mkauokota ugomvi wa nyumba ya watu, mkaufanya sheria ya dunia."

Padri alishuka, akapekua mwenyewe mpaka jasho likamtoka. Kipya hakukiona. Alikuwa mtu wa kutimiza ahadi, hilo lazima tulikiri.

"Mwachieni," alisema.

Ee, furaha ya siku ile! Graziadio alitoka mbele, kifua mbele, nasi nyuma yake tukiimba zaburi mtaa mzima. Wanawake walimbusu Perna mikono. Angelo mchinjaji, asiyecheka hata arusini, alicheka mpaka akakaa chini. Graziadio bado alikuwa na nta katika sikio la kushoto, kwa hiyo alisimuliwa mara tatu, na kila mara alitaka pale pa zambarau parudiwe.

Vitambaa havikutupwa. Jumapili watu wa mjini walipanga foleni kanisani, maana vilikuwa vingi na vya bure, na kila mtu alipata cha kumtosha.

Jumamosi iliyofuata Meo alikuwa mlangoni, amevaa kizibao kilichoshonwa kwa kile kitambaa cha tauni.

"Kimekukaa," Perna alimwambia. "Kilikuwa cha babu wa babu yako."

"Najua, mama," Meo alijibu kwa upole, akijinyoosha. "Ndiyo maana hakinibani."