Diski za Katoni Moja

Mimi hasira zangu ziko puani, na nalisema hilo mapema ili asije mtu akaniambia baadaye. Kazi yangu ni kutunza kompyuta za hospitali ya macho, kazi ambayo haikunipunguzia hasira hata chembe. Lakini haya ninayoyaandika ni shukrani, na anayeshukuriwa ni fundi wa taa.

Kwanza mjue tunatunza nini. Mgonjwa mwenye presha ya macho hupigwa picha ya nyuma ya jicho kila baada ya miezi sita. Picha moja peke yake haimwambii daktari mengi. Huiweka ya leo kando ya ile ya mwaka jana na ya mwaka juzi, akatazama mshipa wa fahamu umekonda kiasi gani, ndipo anapojua kama dawa zinatosha. Zile za zamani zikipotea, ugonjwa unaendelea kula jicho kimyakimya na hakuna wa kuushtukia.

Na mimi nilizipoteza. Picha zote za miaka miwili. Zilikuwa kwenye seva moja kubwa, ya fahari, yenye diski kumi na mbili. Diski moja ikafa Jumatatu, ya pili Jumatano, ya tatu jioni ya Jumatano hiyohiyo, na seva ile iliweza kuvumilia vifo viwili tu, basi. Kulikuwa na mashine ya nakala za akiba kwenye jengo la pili, lakini ilikuwa imeacha kunakili miaka miwili nyuma. Kengele ya kunionya ilikuwa ikilia kila asubuhi kwenye kompyuta yangu, ikanikera, nikaizima. Sikuizima kwa bahati mbaya. Niliizima kwa hasira, nikasema nitashughulika nayo nikipata nafasi.

Mmoja wa waliopotelewa na picha alikuwa huyo fundi wa taa, mfanyakazi mwenzetu na mgonjwa wetu. Daktari alikosa cha kulinganisha, ikabidi aanze kukusanya picha upya, na zilipotosha jicho la kushoto la fundi lilikuwa limekwisha. Likabaki la kulia, nalo lina ugonjwa uleule. Mtu anapanda ngazi na kushika nyaya kwa jicho moja, na hilo moja linalindwa na picha ninazotunza mimi. Sikuwahi kumwomba radhi. Nikimwona anakuja koridoni, najipapasa mifuko kama niliyesahau kitu, nageuka.

Mkurugenzi wetu ni mama mpole wa sauti, si wa maamuzi. Hakunifukuza. Aliniita ofisini akasema, "Tumekubaliwa mfumo mpya wa kuhifadhi picha. Mashine utachagua wewe."

"Kwa nini mimi, mama?"

"Kwa sababu mwingine yeyote nitakayemleta hajawahi kulia mbele yangu juu ya picha hizi."

Nikachagua kwa adabu ambayo sikujua kama ninayo. Muuzaji mmoja wa tai nyekundu alinijia na seva kubwa kuliko ile iliyoniaibisha, akaisifu, "Dada, hii ni mnyama!" Nikamwambia mnyama mmoja ameshanitafuna, sitaki mwingine. Nilitaka seva tano za wastani zinazofanya kazi pamoja kama moja, na kila picha ikae kwenye seva tatu tofauti, ili moja ikizimika daktari asijue hata kama kuna kilichotokea. Nilikataa kadi ile inayozifunga diski zote pamoja, maana ikifa yenyewe inaondoka nazo. Nikadai kumbukumbu inayojisahihisha inapokosea. Nikadai kila seva iwe na plagi mbili, kila plagi na laini yake ya umeme. Halafu diski: sitini, za kiwanda kimoja, za wiki moja, namba zake zikifuatana toka ya kwanza hadi ya mwisho. Hilo la namba niliomba mwenyewe, na muuzaji akanipongeza. Nilizipenda zilivyojipanga kwenye karatasi. Nikasema safari hii hakuna diski itakayokuwa tofauti na mwenzake ikanisumbua.

Zile laini mbili za umeme ndizo zilizomleta fundi chumbani kwangu. Chumba chenyewe ni kidogo, mlango mmoja, na ngazi yake ilikuwa imeuziba. Sikuwa na pa kukimbilia.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Leo hujasahau kitu?"

Nikajikaza kisabuni, nikaendelea kubonyeza kompyuta bila kuandika chochote. Alifunga soketi za upande mmoja, akashuka, akaiona orodha yangu mezani. Aliichukua akaisogeza karibu kabisa na jicho la kulia.

"Hizi namba ndefu ni za nini?"

"Diski."

"Zote zimezaliwa siku moja?"

"Wiki moja," nikasema kwa majivuno. "Hazina tofauti hata kidogo."

"Ndiyo maana nauliza. Mimi koridoni siweki taa za katoni moja peke yake. Niliwahi kuweka. Ilipokufa ya kwanza, wiki hiyohiyo nikahangaika na ngazi mlango hadi mlango, wagonjwa wanapapasa ukuta. Siku hizi nachanganya. Za katoni hii zikianza kufa, za ile bado zinawaka."

"Fundi, hizi si taa."

"Najua si taa, mwanangu."

"Basi niachie kazi yangu, na wewe fanya yako."

Akairudisha karatasi pale alipoitoa, akasema, "Haya," akapanda ngazi yake.

Ningependa kusema kwamba niliuona ukweli papo hapo. Sikuuona. Niliona mtu wa balbu ananifundisha seva, na hasira ikanikaa mpaka baada ya chakula cha mchana. Ilipotulia, nikaanza kusikia alichosema badala ya kumsikia aliyekisema. Nikafungua droo ya chini. Mna diski tatu mle, zilezile zilizokufa, ambazo sikupata moyo wa kuzitupa wala wa kuzitazama. Nikazigeuza, nikasoma lebo zake.

Namba zake ziliishia na arobaini na moja, arobaini na mbili, arobaini na nne. Tarehe ya kutengenezwa ni moja.

Nilikaa na zile diski mapajani nikajisikia mjinga kuliko siku ya msiba wenyewe. Muda wote ule nilidhani nilipatwa na mikosi mitatu. Kumbe ulikuwa mkosi mmoja, umepakiwa katoni moja kiwandani, na sasa nilikuwa naagiza mwingine wa diski sitini, kwa ombi langu mwenyewe.

Karatasi ya oda ilikuwa tayari mezani kwa mkurugenzi, kalamu iko juu yake. Nikamwambia asisaini. Nikamweleza kwamba tununue kwa wauzaji watatu, mizigo mitatu ya tarehe tofauti, na mzigo mmoja usikae kwenye seva zaidi ya mbili. Kila picha iko kwenye seva tatu, kwa hiyo hata mzigo mzima ukifa, lazima ibaki nakala moja nje ya mzigo huo. Mabadiliko hayo yangetuchelewesha wiki tano.

"Wiki tano," akasema. "Na haya umeyajua leo? Nani kakwambia?"

Uongo ulikuwa umeshanifika mdomoni: nimesoma mahali. Ungepita bila shida, na ningeonekana mtu makini.

"Fundi wa taa," nikasema. "Na nikamfokea."

Mkurugenzi akaikata ile oda kwa mstari mmoja, akanipa niandike upya.

Mfumo ukaja, ukafungwa, ukatulia. Mwezi wa kumi na nne tangu ufungwe, nakunywa chai asubuhi, kengele ikalia. Siku hizi sizimi kengele. Diski moja imekufa kwenye seva ya tatu. Kesho yake moja kwenye ya nne. Ndani ya siku tisa zikafa saba, zote za mzigo wa pili, hakuna hata moja ya mizigo mingine. Nilibadilisha diski huku roho iko juu, nikahesabu picha, nikahesabu tena. Seva zilizobaki nzima zilikuwa zikinakili picha zenyewe kwa zenyewe, taratibu, bila kumkera mtu. Haikupotea hata moja.

Siku ya sita ya hizo tisa ilikuwa zamu ya fundi kupimwa. Daktari alinipigia simu, akasema, "Hebu shuka uone." Nilishuka ngazi nikijua nimemaliza na jicho la pili.

Kwenye skrini yake kulikuwa na picha tatu za jicho la kulia. Akaniwekea kidole penye ukingo wa mshipa. "Pamekonda hapa. Padogo tu. Bila hii ya mwaka jana nisingepaona, ningempa dawa zilezile nikamwambia aende. Tunampasua Alhamisi."

Wakampasua Alhamisi. Ijumaa asubuhi nikaenda wodini, nikakaa kwenye kiti kando ya kitanda chake. Jicho lilikuwa bado limefungwa bendeji, muuguzi anaandaa trei. Niliona afadhali niseme angali hanioni.

"Fundi, ni mimi. Picha zako za kwanza, kosa ni langu. Kengele ililia, nikaizima. Jicho lako la kushoto nimelimaliza mimi."

"Najua," akasema. "Siku ile unamlilia mkurugenzi habari ya kengele, nilikuwa juu ya ngazi, nje ya dirisha lake. Nilisikia yote."

"Ukanyamaza?"

"Nilikuwa na hasira na wewe. Zaidi ya mwaka. Ukidhani ni wewe unayenikimbia koridoni, mara nyingine ni mimi niliyegeuka kwanza."

"Na ushauri wa taa ukanipa."

"Jicho ni langu."

Nikacheka, na machozi yakanitoka hapohapo. Muuguzi akaanza kubandua bendeji. Nikamwuliza fundi hasira yake iliisha lini.

"Mkurugenzi alinisimamisha akanishukuru kwa jambo la diski. Nikashangaa. Kumbe ulinitaja." Akageuza uso muuguzi amfute. "Ungeweza kusema umelijua mwenyewe. Siku hiyo ndiyo iliisha."

Bendeji ikatoka. Akapepesa, akapepesa tena, jicho jekundu, limejaa maji, likanitafuta mpaka likanipata. Nikamshukuru moyoni. Sijawahi kumshukuru mtu kiasi kile maishani mwangu.

"Haya, mwanangu," akasema, "sogea kidogo. Unanizibia dirisha."

Nikasogea.