Tangi Ambalo Kamati Ililikataa

Shemeji yangu Dalmas aliitisha kikao cha kamati ya ukoo katika hoteli moja pale Adams Arcade, Nairobi, ili tukubaliane kuhusu tangi jipya la mafuta la boti aliyoniachia marehemu mume wangu. Boti hiyo huvusha abiria kutoka Port Victoria hadi kisiwani, na kila Jumatatu alfajiri mjukuu wangu Rachael, ambaye ni muuguzi, huipanda kwenda kwenye zahanati yake. Mwezi uliopita injini ilizimika katikati ya ziwa, upepo ukivuma. Abiria walipiga makasia kwa vifuniko vya makreti ya samaki hadi viganja vikachubuka. Rachael alikuwa miongoni mwao. Kwa hiyo nilikwenda kikaoni nikiwa nimekwisha kuamua.

Sikwenda mikono mitupu. Nilikuwa nimeagiza tangi la zamani liletwe Nairobi, nikampa Mbuthia, fundi wa kuchomelea vyuma huko Kabiria, alisuuze mafuta yatoke na kulipasua kwa msumeno. Nusu moja niliifunga ndani ya gunia. Mhudumu wa hoteli aliponiona nikiingia nayo alinung'unika kwamba harufu ya dizeli itawafukuza wateja. Nilimwagiza alete magazeti ya kutandika mezani, naye akayaleta.

Katika ukoo wetu kikao huanza kwa sala, kisha mmoja hupendekeza na mwingine humwunga mkono; jambo likishapita kwa kura halirudishwi nyuma. Dalmas alipendekeza tangi litengenezwe kwa bati lililopakwa zinki, kama lile la kwanza. Alisema kitu alichokiweka marehemu kwa mkono wake hakibadilishwi, kwani kukibadilisha ni kumwambia kaburini kwamba alikosea. Mwanawe Norman, anayeishi Spring Valley, mtaa wa matajiri, na hupenda tukumbuke hivyo, aliona heri tununue tangi jeusi la plastiki, kama la maji lililo nyuma ya nyumba yake, maana halishiki kutu kamwe.

Nililifungua gunia.

Ndani ya lile bati, ute wa kijivu ulikuwa umegandamana kama uji uliosahauliwa chunguni. Niliwaeleza, kama nilivyowaeleza wasichana miaka yote niliyofundisha kemia, kwamba dizeli huila zinki polepole, na kinachobaki ndicho huo ute unaoziba chujio na kuizima injini. Nilimwambia Norman kwamba plastiki ya tangi la maji haikukusudiwa kubeba mafuta. Ingelainika na kuvimba. Chuma cha kawaida nacho kingeoza kuanzia chini, ambako maji hutuama sakafuni mwa boti. Nilitaka alumini ile ngumu inayoundiwa boti, iinuliwe juu ya vipande vya mpira ili isilale majini, na kiungio chochote cha shaba kisiiguse, maana shaba huila alumini.

Dalmas aliutazama ule ute, akakisogeza kikombe chake mbali.

"Shemeji, marehemu aliliamini tangi hili."

"Aliliamini kwa sababu hakuwahi kulipasua. Angalilipasua, angalilitupa yeye mwenyewe."

"Hapa si darasani."

"Ingalikuwa darasani, ningalikwisha kukutoa nje."

Caren, mke wa Norman, alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Hata hivyo Dalmas aliita kura, na mikono yote isipokuwa wangu ikainuka kwa ajili ya bati. Hapana aliyeniunga mkono. Nilimtaka Caren, aliyekuwa akiandika kumbukumbu, aandike kwamba nimekataa, tena alitumie jina langu kamili, Peres Nanyama, wala si "mjane wa marehemu". Kisha nikalifunga gunia langu, nikaenda Kabiria.

Nilimkuta Mbuthia amekwisha kulilaza bati mezani na kulipiga mistari ya chaki. Dalmas alikuwa amempigia simu tangu asubuhi, kabla hata ya ile sala.

"Shosho, mzee alisema nianze na hii," alijitetea, akiniita kama nyanya yake. "Mimi niko hapo katikati tu."

Nilitandika leso juu ya lile bati, nikaliketia. Nilimwarifu kwamba boti ni yangu, kazi nimeileta mimi, na sitainuka mpaka nione alumini ikikatwa. Aliitazama mistari yake ya chaki iliyofunikwa na leso, kisha akaenda kuitafuta alumini. Aliporudi nayo simu yake ililia. Alikuwa Dalmas. Mbuthia alinikabidhi simu upesi, kama mtu aliyeshika kaa la moto.

"Umeidharau kamati," Dalmas alisema.

"Kamati haipandi boti. Rachael huipanda."

"Basi ulikalie hilo tangi lako wewe mwenyewe. Tuone."

"Nitalikalia."

Sikuondoka katika karakana ile hadi Mbuthia alipolijaza tangi jipya upepo na kuipaka mishono povu la sabuni, tuone kama linavuja. Hapakutoka kiputo hata kimoja. Jumatatu Rachael atakapovuka, nitakuwa nimeketi kwenye benchi lililo juu ya tangi. Benchi hilo huketi watu wawili. Nimempelekea Dalmas ujumbe kwamba nafasi yake ipo, na asisahau koti, kwa maana alfajiri ziwani huwa na baridi.