Usafi wa Ijumaa na Samaki wa Nyanchoka

Pwa. Kimya. Pwa, pwa.

Abner alikuwa jikoni akipanga sufuria kwa ajili ya Sabato, akadhani bomba linavuja. Akalikaza. Pwa, pwa, pwa. Kumbe sauti ilitoka sebuleni.

Alipofika aliona midomo sita juu ya maji ya tangi la kioo, ikigombania hewa. Walikuwa samaki wa mkewe, Nyanchoka, aliowalea miaka mitatu. Naye Nyanchoka alikuwa njiani kurudi kutoka kwa mama yake, kule Mosocho.

Maji yenyewe yaling'aa, ungeweza kusoma gazeti kupitia kwayo. Kila Ijumaa Abner, shemasi wa kanisa, huosha nyumba nzima kabla jua halijatua. Leo aliona si haki tangi pekee liingie Sabato na ukungu wa kijani. Akamwaga maji yote, akasugua mawe kwa brashi, akasuuza sponji ya chujio bombani mpaka ikarudi nyeupe, kisha akajaza maji ya bomba.

Alimwita Esnah, mdogo wake Nyanchoka, anayefuga samaki nyumba ya pili.

"Shemeji, umeosha au umebatiza?" Esnah aliuliza akichungulia.

"Nimeosha. Si unaona lilivyo safi?"

"Hapo ndipo ulipokosea. Maji ya bomba yana dawa. Tena vijidudu vya kwenye sponji ndivyo vilivyokuwa vikila uchafu wa samaki. Umevifagia vyote, shemasi. Hakuna hata kimoja kilichobaki kutoa ushuhuda."

Abner hakucheka. Yule mwekundu, mkubwa kuliko wote, alikuwa ameanza kulala ubavu.

"Nifanye nini?"

"Toa nusu ya maji, ujaze ya mvua, polepole. Mimi nakuletea uchafu."

"Esnah, jua linatua."

"Ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato si hutolewa? Au huyu ni mdogo mno kwako?"

Abner akashika ndoo. Alienda na kurudi mara tatu kwenye pipa la maji ya mvua lililokuwa nje, shati jeupe limemgandama mgongoni, na majirani waliokuwa wakielekea ibadani wakamsalimu kwa adabu iliyozidi kiasi: "Shemasi, tunakuona." Heri wangemtukana.

Esnah alirudi na sponji nyeusi kutoka kwenye chujio lake, inachuruzika, inanuka tope.

"Kamua mwenyewe."

Abner, mtu asiyeruhusu kiatu kivuke mlango, aliikamua juu ya tangi kwa mikono miwili. Maji yakawa kama chai ya rangi.

"Kaza mkono, shemeji. Usitubanie uchafu."

Sponji yenyewe wakaipachika kwenye chujio. Pampu ikanguruma. Mdomo mmoja ukashuka, halafu wa pili. Mwekundu alichelewa sana, Abner akajikuta amebana pumzi yake mwenyewe, mpaka mkia ukatikisika.

Mlango ukafunguliwa. Nyanchoka akatazama maji, akatazama shati la mumewe, kisha mdogo wake aliyeuma midomo.

"Nani ameoga kwenye tangi langu?"

"Mumeo alilitakasa," Esnah akasema.

Nyanchoka aliinama, akawahesabu wote sita kwa kidole. Alipoinuka hakuwa akicheka.

"Abner."

Abner akasimama wima kama aliye mbele ya mkutano.

"Nyanchoka, kuanzia leo nitatoa ndoo moja tu, na nitarudisha maji yaliyolala usiku mzima mpaka dawa ikaisha. Sponji nitaisuuza kwa maji ya samaki wenyewe, vijidudu visife. Na kabla sijashika brashi, nitakuuliza wewe kwanza."