Refa Kwenye Foleni ya Arancini

Saa tisa kasoro dakika kumi alasiri, mabehewa ya mwisho ya treni ya Roma yalisukumwa hadi ndani ya meli pale bandari ya Villa San Giovanni, yavushwe hadi kisiwa cha Sicilia, minyororo ikakazwa, na abiria wakaanza kupanda ngazi kwenda baa. Santina Tascone alimshika mumewe mkono, akamrudisha kitini.

"Wewe unabaki humu."

"Humu, na harufu yote hii ya grisi?" Liborio alisema. "Barcelona sikuogelea. Marseille sikunyanyua hata begi. Kuvuka bila arancino ni kuvuka gani?"

"Mtu akikupiga kikumbo?"

"Nitavaa miwani. Nitatembea nyuma yako kama mkia."

Liborio alikuwa refa wa ligi ya mkoa. Wiki tano kabla ya hapo, huko Roccamura, alitoa penalti dakika ya mwisho na kadi nyekundu kwa kapteni wa wenyeji, wenyeji wakashuka daraja, na jiwe kutoka jukwaani likampata jicho la kulia. Utando wa nyuma ya jicho ulichanika. Daktari aliurudisha mahali pake, akajaza gesi ya kuushikilia, akamkataza kupanda ndege mpaka gesi iishe. Ndiyo sababu likizo waliyokwisha kuilipia waliifanya kwa reli. Pigo jingine moja, daktari alisema, na jicho hilo halitengenezeki tena. Refa wa jicho moja hakuna.

Santina aliyafikiria haya, kisha akampa miwani nyeusi. Walikuwa wamebakiza mlango wa bahari tu na saa chache za reli hadi nyumbani Siracusa.

Baa ilijaa. Arancini, yale madonge ya wali ya kukaanga, yalikuwa yakitoka kwenye mafuta, na foleni ilifika mlangoni. Jibaba moja la shingo nene, Gesualdo Barresi, aliyekuwa akirudi na mdogo wake Manlio kutoka harusini Cosenza, lilipita pembeni na kuweka viwiko kaunta. Dereva wa lori aliyekuwa mbele alimvuta kola.

"Foleni inaanzia nyuma, bonge."

"Nyuma kamweke mama yako."

Dereva alimpiga kichwa cha mdomo. Gesualdo alitema damu, akaokota trei ya chuma, akamshindilia nayo sikioni mara mbili. Dereva aliangukia kabati la vioo. Kioo kikapasuka na kiganja chake kikafunguka kuanzia kidole gumba hadi kifundo cha mkono. Watu walirudi nyuma wakikanyagana. Gesualdo aliinua trei kwa mara ya tatu.

Santina aligeuka amvute mumewe. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Liborio alikuwa keshasimama kati yao, mkono wa kushoto umenyooka kifuani mwa Gesualdo. Mkono wa kulia uliingia mfuko wa shati, ukatoka, ukapanda juu kabisa ya kichwa. Haukuwa na kitu.

"Nje!" alisema.

Gesualdo aliutazama ule mkono. Trei ilishuka taratibu.

"Manlio. Huo mkono unaujua?"

"Mkono gani?"

"Si ndio uliomtoa kapteni wetu? Mvue miwani huyo."

Manlio aliivua miwani na kuikanyaga. "Ndiye! Kipofu wa Roccamura mwenyewe!"

"Bwana, mechi ilikwisha," Liborio alisema.

"Kwako ilikwisha. Sisi tunacheza na wachunga mbuzi."

Ngumi ya kwanza ilimpata tumboni. Liborio hakujikinga wala hakurudisha. Alipiga magoti, akafunika jicho la kulia kwa viganja vyote viwili, akaziacha mbavu wazi. Gesualdo alizipiga teke. Santina alisikia kitu kikikatika. Alichukua chupa ya bia kaunta, akampiga nayo Gesualdo utosini. Chupa haikuvunjika, lakini ngozi ilichanika na damu ikamshukia machoni. Alimpiga tena, begani. Manlio alimkamata kwa nyuma na kumkaba. Santina alimng'ata mkono hadi akahisi chumvi, na mkono haukuachia.

"Msimguse jicho!" Santina alipiga kelele. "La kulia limefanyiwa operesheni! Jicho lake!"

Gesualdo alisimamisha mguu hewani. Alijifuta damu, akamtazama Santina, kisha akamtazama mtu aliye sakafuni na mahali alipoweka viganja.

"La kulia?" aliuliza.

Akainama, akashika kidole kidogo cha Liborio, akakikunja hadi kikavunjika. Kiganja cha kwanza kikatoka. Cha pili alikibandua kwa goti. Alipiga mara tatu kwa pembe ya trei, pale pale, kabla mabaharia wanne hawajamwangusha.

Meli ilipofika Messina, polisi waliwateremsha ndugu wawili wakiwa na pingu. Dereva wa lori alitoa maelezo huku akishonwa kiganja. Mabehewa yalivutwa nje, yakaunganishwa, yakaondoka kwenda Siracusa na mizigo ya akina Tascone.

Katika chumba cha huduma ya kwanza bandarini, daktari kijana alimlaza Liborio, akamfunika jicho la kushoto kwa pamba na kulifungua la kulia kwa vidole viwili. Santina alisimama kando, damu ya Manlio imemkaukia kidevuni.

"Tazama mbele, mzee. Usigeuze kichwa."

"Natazama," Liborio alisema. "Washa hiyo taa basi."

Daktari alikuwa ameshaiwasha.