Mrija na Tarumbeta

Kila Evelina alipolala, pumzi yake ilikatika, na mumewe Kornelio, mpiga tarumbeta wa kanisa la Mgwashi, alimtikisa mpaka irudi. Daktari alipowaambia kwamba kupuliza ala kama tarumbeta kunaweza kukaza misuli ya koo, Kornelio alimletea mkewe mrija na glasi ya maji.

"Puliza mapovu yasikatike, Mama Martin. Vuta hewa kwa pua huku mashavu yakisukuma iliyobaki."

Maji yalimrukia usoni. "Baba Martin, utanizamisha!" Wakacheka mpaka machozi.

Wiki tatu baadaye Evelina alishika tarumbeta yenyewe, akapuliza kila siku.

Mwezi wa tano wa mazoezi, Jumapili baada ya ibada, Evelina alisinzia kwenye kochi. Kornelio alisogeza kigoda, akasikiliza. Pumzi iliingia, ikatoka, haikukatika. Hakuwa na sababu ya kumtikisa, lakini alikaa palepale akimtazama mpaka alipoamka.